Kisu Kisicho na Ncha

Tangu mkono wa Simeon uingie kwenye mashine ya brashi, Jared hakupata tena usingizi wa kushiba. Alilala, ndiyo, lakini aliamka na uchovu uleule aliolala nao. King'ora cha asubuhi kikilia, alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, akisubiri miguu ikubali kwenda. Mkewe Benta alimwekea uji. Naye Benta alikuwa na uchovu wake. Kutwa nzima aliinama kwenye nyaya za kuanikia makonge, akigeuzageuza nyuzi juani, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo isiyopata nafasi ya kupona.

Shamba lao la makonge lilikuwa nje kidogo ya Ruiru, upande wa kwenda Thika. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, hamsini na kitu, na kiwandani wengi walikuwa watu wa kutoka magharibi, Wajaluo na Waluhya, kwa sababu Wakikuyu walikuwa wamefungiwa vijijini, na wachache waliopewa ruhusa ya kufanya kazi waliingia asubuhi na kutoka jioni wakipekuliwa. Jared alikuwa Mjaluo wa Yala. Kazi yake ilikuwa kutia mafuta zile mashine za brashi, magurudumu makubwa yenye meno ya chuma ambayo huchana nyuzi zilizokauka mpaka ziwe laini. Alizunguka na kopo lake tangu asubuhi hadi jioni, masikio yamejaa kelele, pua imejaa vumbi jeupe.

Simeon, Mluhya wa Bunyore, alikuwa rafiki yake. Siku ile alishika fungu la nyuzi vibaya, zikajisokota kwenye kifundo cha mkono wake, gurudumu likaanza kumvuta. Jared alikuwa karibu. Alimrukia akamshika kiuno, akavuta. Alivuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na gurudumu nalo likavuta, na nyuzi za makonge zikisokotana hazikatiki. Akapiga kelele aletewe kisu. Watu wakatazamana. Visu vya wakata majani vilikuwa vimefungiwa stoo, kwa amri ya serikali, na watu wa kiwandani hawakuruhusiwa kuwa hata na wembe. Mpaka mtu wa injini alipoelewa kuna nini, mpaka alipoutoa mkanda wa mashine, mpaka gurudumu likasimama, mkono ulikuwa umekwisha.

Simeon hakufa. Alirudishwa kwao kwa gari moshi, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Jared alimsindikiza mpaka stesheni ya Ruiru, akambebea sanduku. Treni ilipoanza kusogea, Simeon alisema tu, "Ulivuta vizuri, ndugu yangu." Maneno hayo yalimkaa Jared kifuani kama chakula kisichoshuka.

Ndipo akaamua kwamba hataingia tena katika jengo lile bila kisu mfukoni.

Alimwendea nyapara, Erastus, mtu mwenye sauti ndogo ambaye alizoea kuogopa wakubwa na wadogo. Erastus alisikiliza, akakuna shingo, mwishowe akampeleka kwa meneja. Meneja alikuwa na haraka. Alisema maneno machache ya Kizungu, akanyoosha kidole chake cha kati.

"Anasema iwe ya kukunja," Erastus alitafsiri. "Isipite urefu wa kidole hiki. Na isitoke mfukoni bila sababu." Walipotoka nje akaongeza yake mwenyewe: "Na askari wakikushika nayo huko barabarani, Jared, mimi sikujui."

Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, Jared alimpakia Benta nyuma ya baiskeli wakashika njia ya Thika. Angeweza kwenda peke yake, na kwa kweli miguu yake ingeshukuru, lakini Benta alikuwa amesema anakwenda.

"Wewe utanunua kinachong'aa," alimwambia. "Mimi ninajua hizo nyuzi."

Alikuwa amechukua fungu la nyuzi za makonge, akalisokota mpaka likawa nene kama kidole gumba, akalifunga kwenye leso pamoja na viazi vya kula njiani. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa vumbi. Kwenye vilima Benta alishuka wakasukuma baiskeli pamoja, kila mmoja akihema kivyake. Mashamba ya kahawa yalipita, yakaja ya makonge, kisha kahawa tena.

Duka walilolifuata lilikuwa la Mhindi mmoja, mzee Velji, aliyeuza majembe, misumari, taa za chemni na kila kitu cha chuma. Visu aliviweka kwenye sanduku lenye kioo, na funguo zake zilining'inia shingoni. Kwanza aliomba kuona pasi ya Jared, karatasi yake ya ruhusa. Alipoiona, akauliza kisu ni cha kazi gani. Jared akamweleza. Alieleza kwa ufupi, lakini mzee Velji aliacha kukuna ndevu zake akamtazama vizuri.

"Kwa hiyo mkono mmoja unaweza kuwa umekamatwa," alisema.

"Wangu au wa mwenzangu. Ukiwa wangu, nafungua na huu mwingine. Ukiwa wa mwenzangu, huu mmoja unamshika yeye."

"Haya. Jaribu."

Alimtolea kwanza kisu kinene chenye vyombo vingi ndani yake, cha kufungulia mikebe, cha kuzibulia chupa, hata na msumeno mdogo. Kilipendeza. Jared aliuweka mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, akajaribu kukifungua kwa wa kulia. Springi ilikuwa ngumu kama mtego wa panya. Kidole gumba kiliteleza, kikateleza tena, mwishowe ukucha ukavunjika na kisu kikaanguka juu ya misumari. Akakirudisha.

Cha pili kilikuwa chembamba, mpini wake wa mfupa mweupe, kimetoka Ulaya. Kilifunguka kwa kidole kimoja bila kelele. Ncha yake ilikuwa kama sindano. Jared alikipenda mara moja. Alikigeuza huku na huku mwangani, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi uso wake ulilegea kidogo.

"Ngoja," Benta alisema.

Alifungua leso akatoa lile fungu la nyuzi. Akalikamata ncha zote mbili, akalivuta mpaka likakaza. "Kata."

Jared alikata. Makali yaliingia kidogo yakakwama. Akasukuma, na springi ile laini iliyofungua kisu kwa urahisi ikakifunga kwa urahisi uleule. Alitoa vidole vyake kwa bahati tu. Benta hakucheka wala hakusema nilikuambia. Aliendelea kushika nyuzi zake vilevile, akisubiri kisu kingine.

Cha tatu mzee Velji alikitoa chini kabisa ya sanduku, na alikipangusa vumbi kabla ya kumpa. Mpini wake ulikuwa wa mti mweusi usio na urembo. Bapa lilikuwa moja tu, pana. Makali yalinyooka toka mwanzo hadi mwisho, na mgongo ndio ulioinama kuyakuta, hivi kwamba kisu hakikuwa na ncha kabisa.

"Hiki hakuna mtu anataka," mzee Velji alisema. "Watu wanapenda ncha. Hiki ni cha mabaharia. Wanakatia kamba, na meli ikiyumba hawachomani."

Springi yake nayo ilikuwa ngumu, lakini kisu kikishafunguka hakikurudi nyuma. Jared alijaribu kwa kidole gumba, akashindwa. Akafikiri kidogo. Kisha akaliuma bapa kwa meno, pale kwenye mgongo wake uliochomoza nje ya mpini, akavuta mpini kwa mkono. Kikafunguka kwa mlio mdogo. Ladha ya mafuta ya chuma ikamjaa mdomoni.

"Tena," Benta alisema.

Akarudia, tena na tena, mpaka mzee Velji akaleta kitambaa akipanguse mate. Walipokijaribu kwenye nyuzi kilikata nusu, kikateleza. Benta alitikisa kichwa.

"Makali hayo si ya dukani, mama," mzee Velji alisema. "Kisu cha dukani ni chuma tu. Makali mtatafuta wenyewe. Lakini chuma hiki kinakubali."

Bei ilimuuma Jared, akalipa.

Nyuma ya soko, karibu na wachinjaji, kulikuwa na mzee wa Kikuyu anayeitwa Githinji ambaye alinoa visu vya wauza nyama na mikasi ya mafundi cherehani. Alikuwa ameketi juu ya kigogo, vinoo vyake vimepangwa miguuni, na mkebe wa maji. Askari mmoja alisimama si mbali, akimtazama kwa jicho la mtu aliyezoea kumtazama. Githinji alikipokea kisu, akakipitisha karibu na sikio lake, akakigonga kwa ukucha.

"Kizuri," alisema. "Cha nini?"

Jared alieleza tena. Alikuwa amechoka kueleza. Kila alipoeleza aliuona tena ule mkono.

Githinji hakuuliza zaidi. Alianza na kinoo cha mchanga, akaenda cha kati, akamalizia na jiwe jeusi laini lililoliwa katikati kama kiti cha zamani. Hakuwa na haraka. Benta alikaa chini akaegemea ukuta, akasinzia, mdomo wazi kidogo, viazi bado mapajani. Jared alisimama akisikiliza chuma kikipita juu ya jiwe. Sauti hiyo ilimtuliza, hata karibu naye asinzie wima.

"Na wewe mzee," aliuliza, ili tu asilale, "wewe unatumia kisu gani?"

"Mimi?" Githinji alimwonyesha yule askari kwa kidevu. "Mimi siruhusiwi. Nanoa, narudisha. Jioni wananipekua hata kwenye viatu. Nyumbani nyama tunaing'ata hivyo hivyo kama fisi." Alilisema bila uchungu, kama anayesema habari za mvua. Aliloweka jiwe. "Ukikatia nyama kisu hiki, au kamba ya mbuzi, au ukimenyea muwa, makali haya yatakwenda. Ni ya kazi moja. Ukae nacho mwaka mzima bila kukitumia, na kila Jumapili ukipitishe kwenye ngozi ya mkanda wako."

Alipomaliza aliukunja mkono wake wa shati, akakipitisha kisu juu ya ngozi. Nywele zilianguka na kuacha mahali peupe. Akamwamsha Benta kwa kumgusa bega. Benta, macho yakiwa bado mazito, alizishika nyuzi akazivuta. Safari hii Jared hakusukuma. Alikigusisha kisu tu na kukivuta kwake, na fungu zima likaachana kiasi kwamba mikono ya Benta iliruka huku na huku, nusura ajipige usoni.

"Hicho," Benta alisema, akakusanya vitu vyake.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama walipofika kizuizi cha polisi, kabla ya kuingia Ruiru. Askari aliyewasimamisha aliitwa Kilonzo. Jina hilo walilijua kwa sababu mwenzake alimwita alipokiona kisu. Jared alitoa pasi, akataja meneja, akaonyesha urefu wa kidole. Kilonzo hakumsikiliza. Alikikunjua kisu, akacheka.

"Kisu gani hiki hakina hata ncha? Hiki ni cha kupakia siagi," alisema, akayapitishia makali kidole gumba, jinsi mtu anavyopima panga.

Mwanzoni hakuna kilichoonekana. Kilonzo mwenyewe hakujua. Aliendelea kuuliza maswali mpaka damu ilipoanza kudondoka juu ya kiatu chake kilichopigwa rangi. Alikitazama kidole, akamtazama Jared, akatazama kama mwenzake ameona. Benta alichana kipande cha leso, akamfunga kidole bila kuombwa, kama ambavyo angemfunga mtoto. Kilonzo alikikunja kisu kwa uangalifu mkubwa akamrudishia Jared.

"Nendeni kabla ya giza," alisema kwa sauti ya chini.

Miezi ikapita. Kisu kilikaa mfuko wa kulia, na uzito wake ulimtoboa Jared mfuko, Benta akaushona, ukatoboka tena. Kila Jumapili alikipitisha kwenye mkanda. Wenzake walimtania, walimwita Baharia. Usingizi haukurudi. Alikuwa amedhani kisu kingemletea usingizi, kumbe kilimwongezea kazi. Sasa alizunguka akitazama mikono ya watu badala ya kutazama mashine, na mara mbili Erastus alimgombeza kwa kusahau kutia mafuta.

Mashine ya mwisho, karibu na mlango, ilishikwa na Waithira. Alikuwa mmoja wa wale Wakikuyu wachache wenye ruhusa, mwanamke wa makamo, mumewe alikuwa amechukuliwa na hakujulikana yuko kambi gani ya kizuizini. Hakuongea na mtu. Jared naye hakuwahi kumwambia zaidi ya habari ya asubuhi, na akajibiwa nzuri.

Ilitokea mchana, baada ya chakula, wakati ambapo kila mtu kichwa ni kizito. Jared alikuwa ameinama kwenye mashine ya jirani. Hakusikia kelele, maana Waithira hakupiga kelele. Aliona tu bega lake likienda mbele kwa namna ambayo bega la mtu haliendi. Alitupa kopo la mafuta. Mkono wake wa kushoto ulimshika Waithira kwapani, wa kulia ukawa umeshakipeleka kisu mdomoni. Meno yaliuma, mpini ukavutika, ile ladha ikaja. Nyuzi zilikuwa zimejifunga kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, na zilikuwa zimekaza kama waya. Kati ya nyuzi na meno ya chuma ilibaki nafasi ndogo, akaingiza kisu hapo na kuvuta kwake.

Wote wawili wakaanguka chali.

Gurudumu likaendelea kuzunguka, likarusharusha vipande vya nyuzi. Mkono wa Waithira ulikuwepo, wote, na vidole vyote. Lakini kisu kilikuwa kimepita nyuzi kikaendelea, na nyuma ya kiganja ngozi ilikuwa imefunguka mpaka ndani. Alikuwa anautazama mkono huo kama si wake.

"Ngai," alisema taratibu, akimwita Mungu kwa lugha yao.

Jared alivua shati akamfunga. Fundo liliteleza kwa damu, na Erastus ndiye aliyelifunga.

Hospitali ya Thika walimshona, lakini vidole viwili, cha mwisho na jirani yake, havikukunjika tena. Halafu wakaja polisi. Mjaluo amemkata Mkikuyu kwa kisu kiwandani: habari ilikuwa imefika kwao hivyo. Jared alikalishwa nje ya ofisi nusu siku nzima, kisu kimewekwa juu ya meza ya meneja, kimefunguliwa, bado kina nyuzi na damu iliyokauka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuogopa. Aliwaza kwamba wakimfunga, huenda jela angelala.

Waithira aliitwa, mkono umefungwa bendeji nyeupe. Ofisa alimuuliza kupitia kwa Erastus kama mtu huyu alimkata.

"Alinikata," Waithira alisema. Aliuinua mkono mpaka usawa wa uso wa ofisa, akauacha hapo. "Na huu uko hapa."

Ofisa hakuwa na swali lingine. Meneja alikikunja kisu akamsukumia Jared. Wengine watatu walipoomba ruhusa ya kuwa na visu kama kile, meneja alikataa. Alisema mmoja anatosha.

Waithira alirudi kazini makonge yalipoanza kutoa milingoti ya maua. Walimrudisha mashine ileile. Asubuhi ya kwanza, kabla injini haijawashwa, wakati kiwanda bado kina ule ukimya wake wa muda mfupi, alimwendea Jared alipokuwa akijaza kopo.

"Nionyeshe," alisema.

Jared alikitoa. Waithira hakukishika. Alikitazama tu kikiwa kwenye kiganja cha Jared, ule mpini mweusi na lile bapa lisilo na ncha, kisha akautazama mkono wake, ule mstari mnene wa kovu, na vile vidole viwili vilivyosimama peke yao.

"Ulikitoa wapi?"

"Thika. Kwa Velji. Akanoa mzee mmoja nyuma ya soko, mtu wenu. Githinji."

"Namjua." Aliushusha ule mkono. "Mimi nikienda kwa Velji ataniuzia?"

Jared alikifumba kisu kiganjani. Wote wawili walijua jibu, na wote wawili walijua kwamba hata akiuziwa, kisu kisingefika Ruiru, na yeye mwenyewe pengine asingefika. Jared aliwaza ampe chake. Aliliwaza jambo hilo mpaka mwisho wake, mpaka langoni jioni ambapo wanawake hupekuliwa hata kwenye vilemba, akaona haliwezekani.

"Sitaki chako," Waithira alisema, kana kwamba amemsikia. "Ukiwa unatia mafuta, unaanzia wapi?"

"Kule mwisho. Halafu nakuja huku."

"Uanzie huku."

"Nikianzia huku, mwisho nitakuwa kule. Wa kule nao wana mikono."

"Najua," alisema. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na Jared aliyatambua, maana ndiyo aliyoyaona kila siku kwenye kioo cha Benta. "Basi ukiwa kule, uwe unatazama huku."

"Nitatazama, mama."

"Kila mara."

"Kila mara."

Waithira alirudi kwenye mashine yake, akajifunga khanga kiunoni, akaanza kujaribu kushika fungu la nyuzi kwa vidole vitatu. Lilimponyoka. Akaliokota, akalishika upya. Huko nyuma mtu wa injini alikohoa, akatema, akashika mkono wa kuwashia. Jared alikirudisha kisu mfukoni, akachukua kopo lake, akaenda kusimama kati ya mashine ya kwanza na ya mwisho, mahali ambapo mtu akigeuza shingo anaona pande zote mbili, na injini ikawaka.